Tiara za Majini: Istilahi za Upepo na Ukubwa

Katika pwani ya mashariki ya Unguja, hasa Paje na Jambiani, na katika pwani ya Kenya huko Diani na Watamu, umestawi mchezo ambao mchezaji husimama juu ya ubao akavutwa juu ya maji na tiara kubwa ya kitambaa, iliyofungwa kwa kamba ndefu kwenye mshipi alioujifunga kiunoni. Wachezaji wengi ni wageni. Lakini wanaofundisha, wanaotunza vifaa, na wanaotoka na mashua kumfuata aliyechukuliwa na upepo, aghalabu ni vijana wenyeji ambao lugha yao ni Kiswahili.

Maandishi yanayouhusu mchezo huu, kwa upande mwingine, huja yameandikwa kwa lugha za kigeni: maelekezo ya watengenezaji, majedwali ya ukubwa wa tiara, matangazo ya hali ya hewa ya mabaharia, na fomu za bima. Mfasiri anapoletewa bango la kutundikwa ufukweni, au ofisa wa serikali anapotakiwa kuandika masharti ya leseni ya shule ya mchezo huu, hukuta kwamba maneno anayoyahitaji ama hayapo, ama yapo mengi mno na kila mtu ana lake. Hili si jambo dogo. Tiara iliyozidi upepo humnyanyua mtu na kumtupa. Wala madhara hayaishii kwa mchezaji peke yake. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza katika pwani hiyohiyo ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wake, ambao wengi ni wanawake, hufanya kazi wakiwa wameinama ndani ya maji yaleyale yanayopitiwa na kamba hizo zilizokazwa.

Makala hii inakusudia mambo mawili: kueleza jinsi ukubwa wa tiara unavyochaguliwa kufuatana na upepo, na kupendekeza istilahi ambazo mfasiri na mwalimu wanaweza kuzitumia bila ya kumpotosha msomaji. Mambo haya mawili hayatenganiki, kwani haiwezekani kulichagua neno vizuri pasipo kukielewa kitu chenyewe.

1. Jina la chombo

Utaratibu unaofuatwa katika kuunda istilahi za Kiswahili ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho kukopa kutoka lugha za kigeni. Ufukweni hivi sasa husikika zaidi neno la mkopo "kaiti". Hata hivyo, hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Watoto wa pwani wamekuwa wakirusha karatasi zilizotandazwa juu ya vijiti na kufungwa uzi tangu zamani, na kitu hicho wanakiita tiara, au kishada.

Kati ya maneno hayo mawili, tunapendekeza tiara. Kishada kina maana nyingine iliyo hai, yaani shada dogo la maua au la shanga, na maana hiyo ingeweza kuleta utata katika maandishi ya utalii. Kuna wanaosema "mwavuli", kwa kuwa chombo hiki kinafanana na ule wa askari wa angani. Mfano huo haufai: mwavuli hupunguza kasi ya anayeanguka, ilhali tiara huvuta. Neno "tanga" nalo lina mvuto wake, kwa sababu kazi ya vitu hivi viwili ni moja. Lakini tanga lina foromali na mlingoti, nalo hukaa chomboni. Tiara haina kimojawapo, nayo hupaa mbali na anayeishika.

Ili kutofautisha na tiara ya watoto, tunapendekeza "tiara ya majini", kwa mfano wa "michezo ya majini". Mfasiri ajihadhari na "tiara ya kuvutia". Aliyeliandika neno hilo atakuwa amekusudia tiara inayovuta mtu, bali msomaji atafahamu kuwa ni tiara inayopendeza.

Tiara iliyoenea zaidi hivi sasa ina mirija inayojazwa hewa kwa pampu. Uvumbuzi huu ulisajiliwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, mwaka 1984. Faida yake ni kwamba tiara ikianguka majini haizami wala haipotezi umbo, hivyo mchezaji aweza kuirusha upya bila ya kurudi pwani. Tuiite tiara ya mirija. Ya pili haina mirija bali ina vifuko vinavyojazwa na upepo wenyewe inapopaa. Hii ni tiara ya vifuko. Aina ya pili ndiyo iliyotumika katika mashindano ya mchezo huu ulipoingizwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, ambayo mbio zake za majini zilifanyika Marseille.

2. Ukubwa ni nini?

Ukubwa wa tiara hutajwa kwa meta za mraba: 7, 9, 12, na kadhalika. Wachezaji hufupisha wakasema "nipe tisa". Nambari hii ni eneo la kitambaa chote kikitandazwa chini. Lakini tiara ya mirija, ikiwa hewani, hupinda kama upinde, na kwa hiyo eneo linalopambana na upepo ni dogo kuliko lile lililoandikwa. Lugha za kigeni zina majina mawili tofauti kwa maeneo haya, na mfasiri asiyejua atayafanya kuwa moja. Tunapendekeza "eneo la kutandaza" kwa lile la kwanza, na "eneo la kivuli" kwa la pili, maana ni sawa na kivuli ambacho tiara iliyopinda ingekitupa chini jua likiwa utosini. Tiara mbili zilizoandikwa 9 zaweza kuwa na vivuli visivyolingana, na yenye kivuli kikubwa zaidi ndiyo itakayovuta zaidi.

3. Jinsi upepo unavyovuta

Nguvu ya mvuto huongezeka kwa kadiri ya eneo la tiara, lakini huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi ya upepo. Maana yake ni kwamba tiara ikizidishwa mara mbili, mvuto huzidi mara mbili. Bali upepo ukizidi mara mbili, mvuto huzidi mara nne. Upepo ukipanda kutoka noti 15 hadi noti 20, ongezeko ambalo mtu aliyesimama pwani anaweza asilitambue sana, mvuto unakuwa karibu mara 1.8 ya ule wa awali. Hii ndiyo sababu mchezaji mmoja humiliki tiara mbili au tatu za ukubwa mbalimbali. Jambo hili si geni kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi, kwani majahazi makubwa yalichukua matanga zaidi ya moja, kubwa kwa upepo mwanana na dogo kwa upepo wa nguvu.

Upepo unaohusika hapa ni ule unaoipiga tiara yenyewe, si ule unaompiga mtu aliyesimama pwani. Tiara ikipigishwa mwendo angani huku na huku, hukutana na upepo mwingi zaidi. Lugha ya Kiingereza hutofautisha upepo huu na upepo wa kawaida kwa kivumishi chenye maana mbili: "kinachoonekana wazi" na "kinachoonekana hivyo, lakini sivyo kilivyo". Mfasiri atakayefungua kamusi haraka ataandika "upepo dhahiri", na hapo atakuwa ameigeuza maana juu chini, kwani dhahiri katika Kiswahili ni kitu kisicho na shaka. Tunapendekeza "upepo wa chomboni" kwa upepo unaokutana na chombo kilicho katika mwendo, na "upepo halisi" kwa ule unaovuma juu ya ardhi na bahari.

4. Kanuni ya makadirio

Iko kanuni fupi inayotumiwa na wachezaji wengi wa ubao wa kawaida. Chukua uzito wa mchezaji kwa kilo, uzidishe kwa 2.2, kisha ugawanye kwa kasi ya upepo kwa noti. Jibu ni ukubwa wa tiara kwa meta za mraba. Kwa mtu wa kilo 75 hesabu itakuwa hivi:

Noti 12: meta za mraba 13.8, yaani tiara ya 14
Noti 15: meta za mraba 11
Noti 18: meta za mraba 9.2, yaani tiara ya 9
Noti 20: meta za mraba 8.3, yaani tiara ya 8
Noti 25: meta za mraba 6.6, yaani tiara ya 7

Katika upepo uleule wa noti 15, mtu wa kilo 60 atahitaji karibu meta za mraba 9, na mtu wa kilo 90 atahitaji 13. Kwa hiyo, bango linalotaja tiara na upepo bila ya kutaja uzito wa mtu halijasema kitu.

Msomaji makini atauliza: ikiwa mvuto huongezeka kwa kipeo cha pili, mbona kanuni hii inagawanya mara moja tu? Swali ni la haki. Kwa hesabu kamili ya mvuto, mtu anayetumia tiara ya 11 katika noti 15 angepaswa kutumia tiara ya 4 katika noti 25, wala si ya 7. Tofauti hiyo hujazwa na ustadi wa mchezaji. Upepo ukiwa hafifu, mjuzi huipigisha tiara mwendo na hivyo kujiongezea upepo wa chomboni. Ukiwa mwingi, huusukuma upau mbali naye ili tiara ilegee, kama nahodha anavyolegeza demani, na huukaza ubao majini kwa ukingo wake. Asiye na ustadi huo hawezi kuitegemea kanuni hii katika upepo wa nguvu. Mfasiri wa jedwali la namna hii anawajibika kuyahifadhi maneno yote yanayoliwekea mipaka, kama vile "kwa mchezaji mzoefu" au "kwa ubao wa kawaida". Maneno hayo ni sehemu ya hesabu, si mapambo.

5. Noti na kilometa

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Matabiri ya mabaharia yanayotoka nchi za nje hutumia noti, yaani maili za bahari kwa saa, na noti moja ni sawa na kilometa 1.852 kwa saa. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa watumiaji wa bahari hutolewa kwa kilometa kwa saa. Pande zote mbili zina haki. Tatizo huzuka mfasiri au mwandishi wa bango anapoandika "upepo 20" akanyamaza.

Tuchukue mfano wa mchezaji wa kilo 75 anayedhani kwamba 20 hiyo ni kilometa kwa saa. Hizo ni kama noti 10.8, na kanuni itamwelekeza kwenye tiara ya 15. Ikiwa 20 hiyo ilikuwa noti, tiara iliyomfaa ni ya 8. Ataingia majini na tiara iliyo karibu mara mbili ya ile inayotakiwa, kwa sababu tu ya neno moja lililoachwa. Mashauri yetu ni kwamba kipimo kisitengane kamwe na nambari yake, na katika mabango ya hadhara vipimo vyote viwili viandikwe: "noti 20 (kilometa 37 kwa saa)".

Baadhi ya watu wamependelea "fundo" badala ya "noti", kwa kuwa jina hilo lilitokana na mafundo ya kamba iliyokuwa ikipimia mwendo wa merikebu. Fikira hiyo ni nzuri, lakini mchezo huu umejaa kamba na mafundo ya kweli, na sentensi kama "punguza mafundo" ingemchanganya mwanafunzi. Noti libaki.

6. "Upepo mkali" ni upi?

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya upepo, lakini sifa zetu za kiasi chake hutegemea anayezungumza. Upepo wa kilometa 40 kwa saa, ambao ni kama noti 22, ni upepo mkali kwa mvuvi wa ngalawa, naye huonywa achukue tahadhari. Kwa mchezaji hodari wa tiara huo ndio upepo aliokuwa akiusubiri, na kwa mwanafunzi wa siku ya kwanza ni upepo wa kubaki pwani. Basi "upepo mkali" likiandikwa peke yake huwaambia watu watatu mambo matatu yanayopingana.

Njia ya kutokea ni kutumia vipimo pamoja na dalili zinazoonekana, kama yafanyavyo leo madaraja ya upepo yaliyopangwa kwanza na Francis Beaufort wa jeshi la majini la Uingereza mwaka 1805. Katika daraja la 3, noti 7 hadi 10, povu jeupe huanza kuonekana hapa na pale. Tiara ya kawaida haitoshi. Katika daraja la 4, noti 11 hadi 16, mawimbi yenye povu huwa mengi. Ndilo daraja la wanaojifunza. Katika daraja la 5, noti 17 hadi 21, povu hutapakaa pote. Katika daraja la 6, noti 22 hadi 27, mawimbi huwa makubwa na marasharasha huanza kurushwa. Hapo ni mahali pa wazoefu wenye tiara ndogo.

Majina ya misimu nayo yasitumiwe badala ya kipimo. Ni kweli kwamba kusi, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, kwa jumla huwa na nguvu kuliko kaskazi ya Desemba hadi Machi, na mwenye kusafiri aweza kujua kwa hilo afungashe tiara zipi. Hata hivyo, siku moja haifanani na nyingine. Isitoshe, "demani" ni jina la kamba ya tanga na pia ni jina la msimu wa mwisho wa kusi. Mwandishi ahakikishe kwamba muktadha unaonyesha ipi anayoikusudia.

7. Mikupuo, tuo na upande wa upepo

Upepo hauvumi kwa kasi moja. Huzidi ghafula kwa muda mfupi, kisha hupungua. Kwa kule kuzidi kwa ghafula wengine wameandika "dharuba". Neno hili lina sauti zinazokaribiana mno na "dhoruba", na wengi hawayatenganishi. Bango linalosema "kuna dharuba leo" litawafukuza watu wote ufukweni, au, wakilizoea, halitamshtua mtu siku ya dhoruba ya kweli. Tunapendekeza "mkupuo" kwa upepo unaozidi ghafula, na "tuo" kwa kipindi cha kupungua. Kwa istilahi hizi kanuni ya usalama inaandikika kwa ufupi: ukubwa wa tiara huchaguliwa kwa kipimo cha mkupuo, si cha tuo. Upepo wa wastani wa noti 16 wenye mikupuo ya noti 24 si upepo wa noti 16.

Kuhusu upande, Kiswahili cha mabaharia kinatosheleza. Upande unakotoka upepo ni joshini, na upande unakokwenda ni demanini. Upepo wa asubuhi utokao bara kwenda baharini ni umande. Umande humchukua mchezaji mbali na pwani, na hapana ukubwa wa tiara unaouondoa ubaya wake. Kwa hiyo katika masharti yoyote yatakayoandikwa, upande wa upepo utangulie, ukubwa wa tiara ufuate.

8. Tahadhari kuhusu majedwali ya kigeni

Majedwali mengi yametungwa katika nchi za baridi. Hewa ya nyuzi 5 ina uzito wa kama kilo 1.27 kwa meta moja ya ujazo, na hewa ya nyuzi 30 ina kilo 1.16. Kwa hiyo upepo wa noti zilezile huvuta kidogo zaidi Ulaya wakati wa baridi kuliko Paje au Diani. Tofauti hiyo ni kama asilimia 9, nayo haihalalishi kuongeza ukubwa kiholela. Tena, ubao mpana huhitaji tiara ndogo kuliko ubao mwembamba, na ubao wenye bawa chini yake, unaonyanyuka juu ya maji, huhitaji ndogo zaidi. Mwisho, maji ya ndani ya miamba hupungua sana wakati wa bamvua yakipwa, na anayeanguka hukutana na matumbawe badala ya maji. Jedwali lililotungwa kwa bahari yenye kina halilijui jambo hilo; mfasiri analijua, na anaweza kumshauri aliyempa kazi aongeze sentensi moja.

9. Muhtasari wa mapendekezo

Tiara ya majini: chombo cha kitambaa kinachopaa na kumvuta mchezaji juu ya maji.
Ukubwa: eneo la kutandaza, kwa meta za mraba.
Eneo la kivuli: eneo la tiara iliyopinda, linalopambana na upepo.
Upau: kipande kinachoshikwa kwa mikono ili kuongoza, kukaza na kulegeza tiara.
Kifyatuo: kifaa cha kuikata nguvu ya tiara mara moja wakati wa hatari.
Upepo wa chomboni: upepo unaokutana na chombo kilicho katika mwendo.
Mkupuo: kuzidi kwa upepo kwa ghafula na kwa muda mfupi.
Tuo: kipindi cha kupungua kwa upepo baina ya mikupuo.
Kulemewa: kuwa na tiara iliyozidi upepo uliopo.
Kupungukiwa: kuwa na tiara isiyotosha upepo uliopo.

Haya ni mapendekezo, wala si sheria. Neno huishi likikubaliwa na wanaolitumia, na wanaolitumia hapa ni vijana wanaozishika kamba hizo kila siku. Tunawaomba walimu na wafasiri walio karibu na fukwe zilizotajwa wayapeleke maneno haya kwao, wasikilize yanayokubalika na yanayokataliwa, na kutuletea maoni yao pamoja na maneno mengine ambayo hatukuyapata. Lakini mabango yaliyokwisha kutundikwa yasisubiri. Kila penye nambari ya upepo, kipimo chake kiandikwe leo.